Ukumbusho katika Mchezo wa Kinjeketile

Katika mchezo wa Kinjeketile, uliopigwa chapa mwaka 1969, Ebrahim Hussein atueleza habari za vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hata 1907. Mwishoni twamwona Kinjeketile kifungoni. Wadachi wamtaka akiri ya kuwa maji yale yalikuwa uongo. Moyoni amekwisha kuyaonea shaka, walakini akataa. Kwa nini? Aona ya kuwa akilikana neno lile, watoto wataambiwa kwamba vita vya baba zao vilikuwa kosa; asipolikana, litapokewa na wajukuu. Hivyo mtungaji atuonyesha ya kuwa ukumbusho si kuweka yaliyopita tu, bali ni kuchagua litakalorithiwa. Nasi tufundishao habari za kale, tujiulize: twawarithisha watoto neno gani?