Maana ya Kwanza Kamusini Haiamui Kitu

Kuhusu maneno ya Kiingereza yenye maana nyingi, swali huwa lile lile: maana halisi ni ipi? Swali lenyewe lina kasoro. *Sanction* ni kuruhusu, na pia ni kuadhibu. Uingereza, ku-*table* hoja ni kuileta mezani ijadiliwe. Marekani ni kuiweka kando. Hakuna iliyo halisi kuliko mwenzake.

Hata hivyo, wapo wanaoshikilia, wakiwemo walimu, kwamba maana inayotangulia kamusini ndiyo ya kweli na nyingine ni nyongeza tu. Imani hiyo haina msingi, na kwa aliyewahi kusoma utangulizi wa kamusi haina hata udhuru. Kamusi kubwa ya Oxford hupanga maana kwa umri: ya kale hutangulia, hata kama ilikwisha kufa. Anayesifiwa kuwa ni *nice* akashika maana ya kwanza humo, ataona ameitwa mjinga. Kamusi za wanafunzi, kwa kawaida, hutanguliza maana inayotumika zaidi. Kwa hiyo neno moja huweza kuwa na "maana ya kwanza" mbili, kutegemea kamusi iliyofunguliwa.

Mahakamani imani hiyo haifui dafu. Mwaka 1957 kampuni ya Uswisi iliagiza kuku waliogandishwa kutoka kwa muuzaji wa New York. Mkataba ulisema *chicken*. Kuku wa ukubwa wa juu katika shehena hiyo walikuwa wazee, wa kuchemsha. Mnunuzi alidai neno hilo ni kuku mchanga wa kukaanga; muuzaji akajibu kwamba kuku ni kuku, awe mchanga au mzee. Mwaka 1960 Jaji Henry Friendly aliona kuwa kamusi zinaunga mkono pande zote mbili. Ikabidi apime mengine: mawasiliano ya wahusika, kanuni za serikali, mazoea ya wafanyabiashara, na bei. Kuku wakubwa waliuzwa senti 33 kwa ratili, ilhali wachanga wa uzito huo sokoni walikuwa senti 35 hadi 37. Muuzaji asingekubali kwa hiari biashara ya hasara. Mnunuzi alishindwa, kwa kuwa hakuthibitisha kwamba neno lilitumika kwa maana finyu aliyoidai.

Kinga zipo, na ni rahisi. Neno linalobeba fedha au wajibu lifafanuliwe ndani ya mkataba. *Biweekly* liachwe, iandikwe "mara mbili kwa wiki" au "kila baada ya wiki mbili". *Oversight*, ambalo ni usimamizi na pia ni kosa la kupitiwa, libadilishwe kuwa *supervision* au *omission*. *Billion* katika hati za Uingereza za kabla ya 1974 ihakikiwe, kwani huweza kuwa milioni mara milioni. Msomaji aangalie sentensi nzima, nani kaiandika, wapi na lini. Shaka ikibaki, aulizwe mwandishi kabla ya kutia saini.