Kwa baiskeli chini ya kuta za ngome za Riyadh na Jeddah

Barabara tulivu za mashambani, magharibi ya Riyadh, mji mkuu wa Saudi Arabia, zimekuwa katika miaka ya karibuni njia za matembezi ya baiskeli. Wapandaji hupita chini ya kuta za ngome zilizoshuhudia dola ya ukoo wa Saud ikizaliwa, ikivunjwa na kusimamishwa tena.

Lakini nani anaruhusiwa kupanda baiskeli katika nchi hiyo, na nani ana wasaa wa kufanya hivyo, ni maswali yaliyojibiwa kwa namna tofauti katika vipindi tofauti.

Kwa wanawake wa Saudi Arabia, jibu lilibadilika baina ya mwaka 2013 na 2018. Kwa wafanyakazi wa majumbani, wakiwemo maelfu waliotoka Kenya, Uganda na Ethiopia, jibu limo ndani ya kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2024.

Bonde lililofufuliwa

Matembezi mengi huanzia Wadi Hanifa, bonde lenye urefu wa kilomita zipatazo 120 linalopita magharibi ya Riyadh likielekea kusini. Kwa karne nyingi bonde hilo ndilo lililowalisha wakazi wa eneo hilo. Visima vyake vilinywesha mitende, na vijiji vikajipanga kandokando yake.

Mji ulipotanuka kwa utajiri wa mafuta, bonde likageuzwa jaa. Mchanga na kokoto vilichimbwa humo, taka zikatupwa, na maji machafu ya mji yakaelekezwa huko huko.

Mwaka 2001 mamlaka ya maendeleo ya mji wa Riyadh ilianza kazi ya kulifufua. Taka ziliondolewa, miti ikapandwa, na maji yakapitishwa katika mfululizo wa mabwawa yenye kina kifupi ambamo vijidudu, mimea na perege, samaki ambao wakazi wa kando ya Ziwa Victoria huwaita sato, husaidia kuyasafisha. Mwaka 2010 kazi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Usanifu wa Majengo ya Aga Khan.

Bila ya usafi huo pasingekuwa na matembezi ya kuzungumzia. Mwenye gari hupita penye uvundo akafunga kioo. Mwenye baiskeli hana kioo cha kufunga.

Kiasi cha kilomita 70 kaskazini-magharibi ya Riyadh kipo kijiji cha Sadus, chenye ukuta wa udongo, minara na malango yake. Mwaka 1865 alipita hapo Lewis Pelly, mwakilishi wa serikali ya Uingereza katika Ghuba, akiwa katika safari ya Riyadh.

Jina lake si geni kwa historia ya Zanzibar. Kabla ya hapo, mwaka 1861 hadi 1862, Pelly alikaimu ubalozi wa Uingereza kisiwani Unguja, katika enzi ya Sayyid Majid. Huko Sadus alikuta nguzo ya mawe ya kale. Nguzo hiyo haipo tena, lakini kijiji cha udongo bado kinatazamwa na wageni.

Kutoka Sadus njia huelekea Diriyah kwa kupitia Uyaynah na Jubaila, ikikatiza mashamba ya mitende na majabali ya rangi ya kahawia.

Udongo usiosahau mvua

Diriyah ilianzishwa katika karne ya 15, na kitongoji chake cha At-Turaif ndicho kilichokuwa makao ya dola ya kwanza ya ukoo wa Saud. Mwaka 1744 mtawala wake, Muhammad bin Saud, alifunga mapatano na mwanachuoni Muhammad bin Abd al-Wahhab, mzaliwa wa Uyaynah, na dola hiyo ikapanuka hadi kuitwaa miji mitakatifu ya Makka na Madina.

Kupotea kwa miji hiyo kuliughadhibisha utawala wa Uthmaniya. Jeshi liliingia kutoka Misri, na mwaka 1818, baada ya mazingira ya miezi kadhaa, Ibrahim Pasha aliishinda Diriyah na kuibomoa. Ukoo wa Saud uliporejea madarakani ulihamia Riyadh, na magofu yakaachwa.

Mpanda baiskeli anayepita chini bondeni huyaona magofu hayo kama walivyoyaona maadui wa zamani: ukuta unaofuata ukingo wa jabali, minara ya ulinzi, na nyuma yake kasri la Salwa. Jengo lote ni la matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, yakakandikwa kwa udongo mwingine uliochanganywa na majani makavu. Vitundu vyenye umbo la pembetatu vilivyo juu ya kuta si pambo tu. Hupitisha hewa na mwanga bila ya kulikaribisha jua.

Udongo huo una adui mmoja, nao ni mvua. Riyadh haipati mvua nyingi, lakini ile inayonyesha huja kwa kishindo, na ukuta usiokandikwa upya kila baada ya miaka kadhaa huyeyuka taratibu hadi kuwa kichuguu. Ndiyo maana kinachoonekana leo ni mchanganyiko wa magofu halisi na ukarabati. UNESCO iliitia At-Turaif katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2010, na mtaa huo ukafunguliwa rasmi kwa wageni mwishoni mwa mwaka 2022.

Safari inaweza kumalizikia katikati ya Riyadh, kwenye ngome ya Masmak, iliyojengwa yapata mwaka 1865 nayo pia kwa udongo. Alfajiri moja ya Januari 1902, Abdulaziz bin Saud, kijana aliyekuwa akiishi uhamishoni Kuwait, aliivamia ngome hiyo na watu wachache, liwali wake akauawa, na mji ukawa mikononi mwake. Miaka 30 baadaye aliitangaza nchi inayoitwa leo Saudi Arabia. Ncha ya mkuki uliorushwa siku hiyo ingali imenasa katika mlango wa mbao, na kila mgeni huoneshwa.

Waandaaji wa mashindano ya Saudi Tour, kampuni ile ile ya Ufaransa inayoendesha Tour de France, walizitumia ngome hizi Februari 2020. Hatua moja ilianzia Sadus na hatua ya mwisho ikaishia Masmak. Mshindi alikuwa Mjerumani Phil Bauhaus. Tangu 2022 mashindano hayo yamehamia AlUla, kaskazini-magharibi ya nchi.

Msichana na baiskeli

Kabla ya waendeshaji wa kulipwa kufika, baiskeli katika mitaa ya Riyadh ilikuwa zaidi chombo cha kibarua wa kigeni asiye na gari. Hilo halitamshangaza msomaji wa Afrika Mashariki, ambako baiskeli imebeba mikungu ya ndizi, madumu ya maji na hata abiria. Neno bodaboda lenyewe lilianza kwa baiskeli zilizovusha watu kwenye mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia.

Kwa mwanamke wa Saudi Arabia suala halikuwa hadhi bali ruhusa. Mwaka 2012 mtayarishaji filamu Haifaa al-Mansour alitoa filamu ya Wadjda, inayomhusu msichana wa Riyadh anayetamani kununua baiskeli. Kwa kuwa mwanamke hakutarajiwa kuchanganyika na wanaume barabarani, mara nyingi aliwaongoza waigizaji wake akiwa amejificha ndani ya gari.

Aprili 2013 magazeti ya nchi hiyo yaliripoti kuwa polisi wa kidini wameridhia wanawake wapande baiskeli. Masharti yalikuwa mengi: iwe ni katika bustani na sehemu za burudani, wavae mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, na wafuatane na jamaa wa kiume. Baiskeli ilikuwa ya kuburudika, si ya kumfikisha mtu anakokwenda.

Mambo yalikwenda mbio baadaye. Mwaka 2016 polisi wa kidini walinyang'anywa uwezo wa kukamata watu. Aprili 2018 wanawake walishindana mbio za baiskeli za kilomita 10 mjini Jeddah, na Juni 24 mwaka huo huo wakaruhusiwa kuendesha magari. Hata hivyo, katika wiki zilizotangulia tarehe hiyo, baadhi ya wanawake waliokuwa wameidai haki hiyo kwa miaka mingi walikamatwa na kuwekwa kizuizini.

Riyadh sasa inajenga Barabara ya Michezo, njia ya zaidi ya kilomita 135 kwa waendao kwa miguu, baiskeli na farasi, itakayoliunganisha bonde la Hanifa na bonde la Sulai upande wa mashariki. Sehemu zake za kwanza zilifunguliwa Februari 2025.

Mji wa matumbawe

Jeddah iko umbali wa kilomita zaidi ya 900 kutoka Riyadh, na hakuna anayeuita mwendo huo matembezi; wengi huenda kwa ndege. Huko upepo ni wa Bahari ya Sham, joto ni la unyevu, na njia ya baiskeli ni ile ya ufukweni.

Mahujaji wengi wa Afrika Mashariki wameujua mji huu kupitia uwanja wa ndege tu, wakaelekea Makka bila ya kuuona. Anayeingia mji wa kale, Al-Balad, atajihisi yuko karibu na nyumbani. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, na madirisha yake yana vibaraza vya mbao vilivyotiwa nakshi. Kando ya nyumba ya ukoo wa Nassif, alikofikia Mfalme Abdulaziz baada ya kuuteka mji mwaka 1925, upo mwarobaini uliowahi kuwa mti wa kutajika katika mji usio na miti.

Undugu huo una sababu nyingine, na si ya furaha. Wareno waliozishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505 ndio waliowatia hofu watawala wa Jeddah wakauzungushia mji wao ukuta. Wareno walifika mwaka 1517, wakashindwa kuutwaa. Ukuta huo ulidumu hadi 1947, ulipobomolewa ili mji upanuke, na leo yamebaki malango machache, likiwemo Lango la Makka. Vichochoro vya ndani ni vyembamba, na mwenye baiskeli hulazimika kushuka na kuikokota.

Siku ya mapumziko

Msimu mzuri wa matembezi haya ni kuanzia Novemba hadi Machi. Wakati wa kiangazi joto la Riyadh hupita nyuzi 40, na sheria yenyewe huzuia kazi za juani kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana, baina ya Juni 15 na Septemba 15. Hatari kubwa zaidi ni mwendo wa magari katika barabara kuu. Wenyeji hushikamana na njia za bondeni, na huanza alfajiri.

Wafanyakazi wa majumbani, kwa muda mrefu, walikuwa nje ya ulinzi wa sheria ya kazi ya nchi hiyo. Kanuni za mwaka 2013 ziliwapa siku moja ya mapumziko kwa wiki na saa 9 za kupumzika kwa siku, maana yake ni kwamba kazi ingeweza kuchukua saa 15. Mageuzi ya Machi 2021, yaliyowarahisishia wafanyakazi wengine wa kigeni kubadili mwajiri, hayakuwagusa.

Kanuni mpya zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zimeweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku na saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Kanuni hizo zinamkataza pia mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi. Ugumu uko katika usimamizi, kwa kuwa mahali pa kazi ni ndani ya nyumba ya mtu, na mkaguzi hafiki huko kwa urahisi kama afikavyo kiwandani.

Siku ambayo barabara za Wadi Hanifa huwa tupu kuliko zote ni Ijumaa, tangu alfajiri hadi karibu na swala. Ndiyo siku hiyo hiyo ambayo jamaa hukusanyika majumbani kwa chakula cha mchana, na jikoni kukawa na kazi nyingi kupita siku nyingine.