Kemikali Inayoiangaza Saratani

Daktari akimaliza kuondoa uvimbe wa saratani ya titi, hubaki na swali zito: je, kuna kilichosalia? Macho na vidole havitambui vijiuvimbe vilivyo chini ya milimita moja. Majibu ya patholojia huchukua siku kadhaa, na yakionyesha mabaki, mgonjwa huenda akapasuliwa tena.

Mwaka 2011, Yasuteru Urano wa Chuo Kikuu cha Tokyo na Hisataka Kobayashi wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, pamoja na wenzao, walitangaza njia ya kuisaka saratani kwa kazi inayofanya, si kwa umbo lake. Walilenga GGT, kimeng'enya kilekile kinachopimwa kwenye damu ili kuchunguza ini. Seli za saratani kadhaa huwa nacho kwa wingi kwenye utando wake wa nje, na hapo kimeng'enya hicho hukata kipande cha glutamati kutoka kwenye molekuli fulani.

Watafiti hao waliibandika glutamati kwenye rangi ya jamii ya rodamini. Ikiwa na kipande hicho, molekuli hujikunja ikafunga pete, isitoe mwanga, mithili ya taa iliyofunikwa chungu. GGT ikikata, pete hufunguka, na molekuli ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hung'aa kijani. Kimeng'enya kimoja hukata molekuli nyingi mfululizo, ndiyo maana mng'ao hukua haraka. Walipowanyunyizia panya wenye saratani ya ovari rangi hiyo, vijiuvimbe vilianza kuonekana ndani ya dakika moja.

Hata hivyo, si kila saratani ina GGT nyingi, na figo zenye afya zinayo tele. Kwa hiyo wanakemia hulazimika kutafuta kimeng'enya kinachofaa kwa kila aina ya saratani. Mwezi Aprili 2024, Marekani iliidhinisha pegulisianini, rangi inayong'aa ikiamshwa na vimeng'enya vingine vya uvimbe. Mgonjwa wa saratani ya titi huchomwa sindano ya mshipa saa chache kabla ya upasuaji. Uvimbe ukishatolewa, daktari hukagua shimo lililobaki akitafuta mng'ao. Kwa kuwa baadhi ya wagonjwa hupata mzio mkali, uangalizi wa karibu ni lazima.

Mng'ao huu hauchukui nafasi ya patholojia, bali humwonyesha daktari pa kukata kabla hajashona jeraha. Utafiti unaoweza kumwepusha mgonjwa na kisu cha pili unastahili kugharimiwa, na dawa zake zisiishie kwa wenye uwezo pekee.