Haki ya njia: Kilio cha madereva wa malori na wajibu wetu sote

Atokaye Dar es Salaam kwa lori kuelekea Kanda ya Ziwa hupita Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega kabla ya kufika Tinde, mahali barabara inapogawanyika. Mkono mmoja huelekea Kahama hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Mkono mwingine hupita Shinyanga mjini, ukaingia wilayani kwetu Kishapu, ukapita Maganzo na kuendelea Mwanza. Juu ya lami hiyo hupita mafuta, saruji, mitambo ya migodi, na katika msimu wake pamba ya wakulima wetu. Hakuna nyumba katika wilaya hii isiyokula au kuvaa kitu kilicholetwa na lori.

Nyuma ya kila usukani ipo familia. Wapo akina mama katika mitaa yetu ambao waume zao huonekana nyumbani siku chache kwa mwezi, na watoto wanaomjua baba kwa sauti ya simu kuliko kwa sura. Kwa hiyo malalamiko ya madereva ni jambo la kurasa za familia, wala si la vituo vya malori peke yake.

Malalamiko hayo ukiyasikiliza kwa utulivu utayaona ni ya namna mbili. La kwanza ni kusimamishwa mara kwa mara. Dereva wa lori hupimwa uzito kwenye mizani, hukaguliwa na askari wa usalama barabarani, huulizwa leseni, bima na nyaraka za mzigo, na abebapo mazao husimama tena kwenye geti la ushuru la halmashauri. Kila ukaguzi una sababu yake ya haki. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, kwa kuwa lori lililozidisha huvunja barabara iliyojengwa kwa fedha za umma, na breki zake hulemewa. Hakuna dereva mwenye akili anayepinga hayo. Wanachopinga ni kukaguliwa kitu kile kile mara nyingi katika safari moja, na kukutana na mkaguzi ambaye hatafuti kosa ili lirekebishwe, bali analitafuta ili apewe kitu.

La pili ni hatari ya barabara yenyewe, hasa tabia ya magari kufuatana kwa karibu mno. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria kwa magari makubwa, hupita zaidi ya mita 22 kila sekunde. Gari dogo lililojibana mita 10 nyuma ya tela lina muda usiofika nusu sekunde. Mwanadamu aliye macho huhitaji sekunde moja au zaidi hata kuinua mguu na kukanyaga breki. Tena dereva wa lori hamwoni kabisa aliyejificha nyuma ya tela, maana vioo vyake havifiki huko. Amwonaye ng'ombe akivuka, naye akashika breki, hajui kwamba nyuma yake ipo familia nzima ndani ya gari.

Ndugu msomaji, mambo haya mawili yanaonekana mbalimbali, lakini yameshikana. Chukua mwendo wa kilomita 100. Kwa mwendo wa 80 dereva atatumia dakika 75; kwa mwendo wa 100 atatumia dakika 60. Ameokoa dakika 15 tu. Dakika hizo ndizo zinazopotea kwa kusimamishwa mara moja bila sababu. Dereva ambaye tajiri wake anamhesabia saa za kufika huzidai dakika zake kutoka barabarani: huongeza mwendo, hujibana nyuma ya mwenziwe ili apate nafasi ya kupita, na hupita penye kilima. Ilhali kwa mwendo wa 100 umbali wa kusimama kwa breki huzidi kwa zaidi ya nusu ya ule wa 80. Ukaguzi wa haki huokoa maisha. Ukaguzi wa kudai kitu huyahatarisha, kwa sababu deni lake hulipwa na watu waliopo mbele ya safari.

Kilio hiki si kipya. Mwezi wa Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, wakipinga kutakiwa kurudi chuoni kila wanapohuisha leseni, na wakidai mikataba ya ajira. Mwezi wa Mei waligoma tena. Dai la mkataba lilikuwa na uzito kuliko wengi walivyodhani. Mtu asiye na mkataba hawezi kumwambia mwajiri kwamba amechoka na atalala Singida, wala kwamba tairi limekwisha na gari halitoki.

Na gharama tumeiona karibu nasi. Usiku wa tarehe 8 Agosti 2022, katika Wilaya ya Kahama, ajali iliyohusisha lori, gari dogo, basi dogo la abiria na trekta iliua watu wapatao 20. Miaka mitatu kabla yake, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafariki.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba njia ina haki yake, na kwamba kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Basi kila mmoja aitazame sehemu yake.

Dereva aache nafasi. Achague mti au nguzo mbele, na gari lililotangulia likishaipita ahesabu sekunde tatu. Akiifikia kabla hajamaliza, amekaribia mno. Lori likiharibika usiku aweke pembetatu za kuakisi mwanga badala ya matawi, na akiondoka ayaokote mawe aliyozuilia magurudumu, kwani jiwe hilo ni kaburi la mwendesha pikipiki. Akichoka apumzike. Sharia iliyomruhusu msafiri kupunguza sala haikumtaka ajiangamize kwa haraka.

Mwenye gari akumbuke kwamba ratiba isiyowezekana ni amri ya kuvunja sheria, hata kama hakuitamka.

Askari na mkaguzi wakumbuke kwamba faini ya serikali ina risiti. Na dereva anayetoa kitu ili breki mbovu zisionekane ajue kwamba hakununua njia. Amenunua ajali, naye ni mshirika wa dhulma hiyo kama aliyepokea.

Nasi wakazi wa kando ya barabara tunayo ya kwetu. Mkokoteni wa ng'ombe unaorudi kutoka shamba gizani hauna taa wala kiakisi. Mifugo huvushwa na mtoto wa miaka minane. Bodaboda hubeba watu watatu na kujipenyeza mbele ya semitrela lililosheheni. Kipande cha kiakisi nyuma ya mkokoteni na mtu mzima wa kuvusha ng'ombe havihitaji kusubiri bajeti ya halmashauri. Na lori la mafuta likianguka, tuwazuie watoto wetu kwa nguvu zote wasikimbilie na ndoo.

Misikiti iliyo karibu na barabara kuu inaweza kuanza kwa jambo dogo: choo safi, maji ya udhu, na kivuli ambapo dereva ataweza kuswali na kulala saa moja bila kuulizwa. Saa hiyo moja yaweza kumrudisha nyumbani kwa watoto wake, na kutuachia sisi wa kwetu.