Maumivu ya Mkono: Yanaamshwa na Nini? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliyatazama maungo ya mkono pamoja na misuli na kano zinazoyaendesha. Leo tuingie kwenye maumivu yenyewe. Mtu akifika duka la dawa huligusa bega au kiwiko na kusema panauma hapa, naye muuzaji humpa vidonge vya diklofenaki na dawa ya kuchua, biashara ikaisha. Hoja ya makala haya ni kwamba mahali panapoonyeshwa kwa kidole hutueleza machache kuliko tunavyodhani. La kuuliza kwanza ni maumivu huamshwa na nini, hutulizwa na nini, na yameandamana na nini.

Sababu iko katika mpangilio wa neva. Neva za mkono huchipuka kwenye uti wa mgongo, sehemu ya chini ya shingo na mwanzo wa kifua, zikapita chini ya mtulinga na kwapani hadi vidoleni. Ikibanwa moja popote njiani, ubongo hudhani tatizo liko kule inakoishia. Kwa hiyo diski ya shingoni iliyochomoza humfanya mtu alalamikie gumba au kidole cha kati ilhali shingo yenyewe inamuuma kidogo tu. Kwa huyo maumivu huamka akigeuza shingo au kutazama juu, na wengine hupata ahueni wakiweka kiganja utosini. Neva ikibanwa kwenye kifundo cha mkono, habari hubadilika: ganzi hushika gumba, shahada, kidole cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete, kidole cha mwisho kikasalimika, na mgonjwa hushtuka usiku wa manane akikung'uta mkono. Wajawazito na wenye kisukari hupatwa zaidi. Wote hawa wawili watasema mkono unakufa ganzi, lakini mmoja anahitaji kutazamwa shingo, mwingine pengine kibao cha kuzuia kifundo kisikunjike usingizini.

Kisha kuna moyo. Mwaka 1768 daktari William Heberden aliwaeleza madaktari wenzake wa London juu ya maumivu ya kifua yanayomkamata mtu akitembea, hasa akipanda mlima, yakamwachia akisimama, na mara nyingi yakishuka hadi mkono wa kushoto. Leo tunajua sababu: habari za maumivu ya moyo huingia uti wa mgongo mlemle zinamoingia habari za upande wa ndani wa mkono. Watu wengi wameshika neno "kushoto" wakasahau mengine, na hapo kuna hatari. Tafiti zilizolinganisha dalili zimeonyesha kuwa maumivu yanayosambaa mikono yote miwili, au bega la kulia, yana uzito zaidi katika kuashiria shambulio la moyo kuliko ya mkono wa kushoto peke yake. Tena wenye kisukari, wazee na baadhi ya wanawake huweza kupata shambulio bila kifua kuuma sana. Utafiti uliofanywa hospitali ya KCMC, Moshi, ulikuta kuwa mashambulio mengi ya moyo hayakutambuliwa wagonjwa walipofika idara ya dharura. Kama hospitali ya rufaa inaweza kupitiwa, muuzaji wa duka la dawa tumlaumu vipi?

Atatokea wa kusema: kwa nini kubahatisha kwa maswali wakati kuna picha? Piga eksirei au MRI, ukweli uonekane. Hoja hii ina mvuto, ila picha huonyesha umbo, haionyeshi maumivu. Watu wazima wasioumwa popote wamepigwa MRI wakakutwa na diski zilizochakaa na kano za bega zilizochanika. Picha bila maswali humpa mtu ugonjwa ambao si wake, wakati mwingine hata upasuaji.

Mwingine atapinga kwamba foleni ni ndefu, nauli na vipimo ni fedha, na hatuwezi kwenda hospitali kwa kila mkono unaouma. Ni kweli, wala haitakiwi. Mama anayekamua nguo au fundi anayezungusha bisibisi kutwa, kiwiko kikamuuma kwa nje kila akishika kitu kwa nguvu, hana haja ya kukimbia. Apunguze kazi ile, avumilie. Wengi hupona ndani ya mwaka. Sindano ya steroidi anayoahidiwa hutuliza wiki za mwanzo, lakini kati ya wagonjwa waliofuatiliwa kwa mwaka, waliodungwa walikuwa na hali mbaya kuliko wasiodungwa. Diklofenaki nayo si peremende: mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au ugonjwa wa moyo asiinywe bila ushauri.

Wasiopaswa kungoja ni wengine. Mtoto wa chini ya miaka miwili aliyevimba viganja na kulia akiguswa apimwe selimundu, maana hiyo huwa dalili yake ya mwanzo. Aliyevunjika mkono akafungwa plasta hospitalini au vijiti na mwunga mifupa, kisha vidole vikawa baridi, vikapauka, na maumivu yakazidi vikinyooshwa, afunguliwe upesi, kwa sababu misuli isiyopata damu hufa ndani ya saa chache. Mkono uliovimba ghafla wote, ulio mwekundu na homa juu yake, au unaozidi kulegea, uonwe siku hiyohiyo. Na maumivu ya mkono yanayokuja na kifua kubana, jasho la baridi, kichefuchefu au kuishiwa pumzi ni ya hospitali mara moja, hata ikiwa saa nane za usiku. Ndugu wa mgonjwa, msiyachue hayo, na msingoje kupambazuke.