Usalama wa Maabara ya Shule Huanzia Stoo

Mitihani ya vitendo ya KCSE inapokaribia, fundi sanifu wa maabara ndiye hutangulia kuingia kazini. Kuanzia Diani hadi Msambweni, joto na hewa ya chumvi humwongezea kazi: stendi za chuma hushika kutu, na lebo za chupa hufifia na kubanduka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kemikali hatari ziwe na lebo.

Asidi huwekwa rafu ya chini, mbali na spiriti. Sodiamu hutunzwa ndani ya mafuta ya taa, kwani ikigusa maji huweza kulipuka. Anapozimua asidi ya salfuriki, fundi huimimina polepole ndani ya maji. Akimimina maji ndani ya asidi, huchemka ghafla na kumrukia usoni.

Asidi ikimwingia mwanafunzi jichoni, aoshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kwa angalau dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Kwa hiyo, mfereji wa maabara ukikauka, somo la vitendo lisubiri. Wazazi na bodi za shule wanahimizwa kuukagua mfereji huo mapema.