Macho Mekundu ya Mtoto: Tuache Dawa za Kubahatisha



Mtoto anaamka kope zimegandana kwa tongotongo, jicho jekundu, machozi yanamtiririka. Mama anachukua upindo wa kanga, anaulowesha na kumfuta. Baadaye upindo ule ule unafuta uso wa mdogo wake, na wa jirani aliyekuja kucheza. Wiki haijaisha, watoto wote watatu wana macho mekundu.

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya ugonjwa huu. Mara nyingi hupona bila kuacha alama. Watoto wengi huumizwa zaidi na vile tunavyowatia machoni kwa nia njema.

UGONJWA WENYEWE

Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba. Utando huo ukishambuliwa, mishipa yake ya damu huvimba na jicho huwa jekundu. Vyanzo vikubwa ni vitatu.

Virusi huleta machozi mengi ya majimaji. Huanza jicho moja, kisha la pili hufuata.

Bakteria huleta usaha wa njano au kijani, na asubuhi kope hushikana.

Mzio, unaotokana na vumbi na vitu vingine vinavyosumbua macho, huleta muwasho katika macho yote mawili. Huu hauambukizi.

Januari 2024 Wizara ya Afya ilitoa tahadhari baada ya macho mekundu ya virusi kuenea Dar es Salaam. Mapema mwaka huo huo Mombasa nayo ilikumbwa. Kiwangwa hatuko mbali na Dar es Salaam: mananasi yetu huenda huko, na wachuuzi na wanafunzi huenda na kurudi. Kinachoanza mjini hakichelewi kufika shambani.

Wapo wanaosema ugonjwa huu huambukizwa kwa kutazamana. Si kweli. Hupita mikononi, kwenye taulo, kanga, mto, beseni la kunawia, na kwenye wanja unaopakwa kwa kuazimana. Nzi nao hubeba uchafu wa jicho la mmoja na kulipelekea la mwingine, hasa watoto wanapokula mananasi na kubaki na nyuso zenye utamu.

TUMSAIDIEJE NYUMBANI?

1. Chemsha maji, yaache yapoe. Nawa mikono kwa sabuni.

2. Lowesha pamba au kitambaa safi. Futa kuanzia pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwenda nje, mara moja tu, kisha chukua kipande kingine. Jicho la pili liwe na vipande vyake.

3. Tupa pamba chooni au ichome. Kitambaa kifue kwa sabuni, kichemshe, kianike juani. Nawa mikono tena.

4. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, kikiwekwa juu ya kope zilizofumbwa, humtuliza mtoto.

5. Usilifunge jicho kwa bandeji.

Macho mekundu ya virusi huisha yenyewe, kwa kawaida katika wiki moja hadi mbili. Antibiotiki haziui virusi. Ikiwa ni bakteria, mhudumu wa afya anaweza kutoa marhamu ya macho ya tetrasaiklini ya asilimia 1. Soma vizuri maandishi ya tyubu, kwa maana iko tetrasaiklini ya asilimia 3 ambayo ni ya ngozi, na hiyo haifai kutiwa machoni. Vuta kope ya chini, weka marhamu kidogo ndani yake, na ncha ya tyubu isiguse jicho. Maliza siku ulizoambiwa, hata kama wekundu umekwisha.

TUSITIE HIVI JICHONI

Tumekwisha kusikia mengi: maziwa ya mama, mkojo, chai ya rangi, maji ya majani yaliyotwangwa, dawa iliyobaki ya jirani. Mkojo unaweza kubeba vijidudu vya kisonono. Majani hukwaruza au kuunguza kioo cha jicho, ile sehemu angavu iliyo mbele ya mboni. Kioo kikipata kidonda, hubaki kovu jeupe, na kuona hupungua au huisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu wagonjwa 103 wa vidonda vya kioo cha jicho hapa Tanzania ulionyesha kuwa kiasi cha robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji.

Vilevile tusijinunulie dawa ya matone dukani. Baadhi zina deksamethasoni. Hiyo hupunguza wekundu upesi, lakini huweza kukuza maambukizi na kuharibu jicho.

USINGOJE KESHO

Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiona:

- maumivu makali, au hawezi kuvumilia mwanga;
- haoni vizuri hata baada ya kufutwa machozi;
- doa jeupe kwenye kioo cha jicho;
- kope zimevimba sana, naye ana homa;
- jicho limechomwa, kwa mfano na jani la nanasi au kijiti;
- ana surua, au ameugua surua karibuni.

Mtoto mchanga asiyetimiza siku 28 akitoa usaha machoni, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku. Huenda alipata kisonono au klamidia wakati wa kuzaliwa, na kisonono huweza kutoboa jicho kwa muda mfupi sana. Baba na mama nao watibiwe, wala wasilaumiane mbele ya mgonjwa.

KINGA INAANZIA NYUMBANI

Kila mtoto awe na kitambaa chake cha uso. Wekeni kibuyu chirizi na sabuni karibu na choo. Watoto wanawe mikono na uso kila siku. Mgonjwa apumzike nyumbani hadi machozi na usaha vikome. Wakati wa kutakiana amani kanisani, mwenye macho mekundu ainamishe kichwa tu. Wenzake wataelewa kuwa anawahurumia.

Tukumbuke pia chanjo ya surua, mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na matone ya vitamini A kila miezi sita tangu miezi 6 hadi miaka mitano. Papai, embe, mchicha na matembele navyo huyalinda macho, na hupatikana mashambani mwetu.

Akina baba, kumpeleka mtoto zahanati si kazi ya mama peke yake. Akina bibi, ninyi ndio mnaosikilizwa nyumbani. Jirani akija na kikombe cha majani ya kumtia mtoto jichoni, mshukuruni kwa upendo wake, kisha mwombeni amwage, mkachemshe maji.